Unene wa Bomba

Hakuna aliyemwomba Leodegar aahidi. Aliahidi mwenyewe, amesimama, mbele ya watu ishirini na wawili wa Jumuiya ya Mtakatifu Monika, Kipawa, Jumamosi asubuhi baada ya sala ya mwisho, chai ikiwa imeshaanza kumiminwa. Alisema tenki jipya la maji la chekechea, lile lililopandishwa juu ya mnara wa chuma wiki hiyohiyo, halitajazwa hata ndoo moja mpaka "injinia wetu" alikague. Injinia wetu alikuwa binti yake Clara, mwanafunzi wa mwaka wa nne, ambaye saa hiyo alikuwa hosteli anafua nguo na hakujua kwamba amepata kazi.

Watu walipiga makofi. Leodegar hakuwa mwongo, tumtendee haki. Miaka thelathini na moja alikuwa karani wa ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, na hakuna mzigo uliopotea mikononi mwake. Ila ulimi wake ulikuwa na haraka kuliko miguu. Tangu Clara achaguliwe kusomea uhandisi wa mitambo, na baadaye achukue masomo ya vyombo vya anga, baba huyu aliwaambia watu wote, "Mwanangu anatengeneza ndege." Ndege zilipopita juu ya bati lake, na pale Kipawa zinapita kutwa, aliinua kidole kuzionyesha kama mtu anayeonyesha shamba lake.

"Basi imekuwa vizuri," alisema Mama Eufrazia, mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele. "Jumamosi ijayo boza la maji linakuja hapa tukimaliza sala. Jumapili Padri anabariki. Clara atasimama aseme neno moja tu, kwamba tenki liko salama. Au siyo?"

"Neno moja tu," alisema Leodegar.

Clara alipopata habari kwa simu alinyamaza muda mrefu, hata baba yake akadhani salio limekwisha.

"Baba, kwa nini hukuniuliza?"

"Nikuulize nini? Kwani kuna ugumu? Unatengeneza ndege, tenki likushinde?"

"Sitengenezi ndege. Nasoma."

"Ndiyo hivyohivyo," alisema Leodegar, akakata simu akiwa na furaha zake.

*

Alhamisi mchana Clara alirudi nyumbani. Hata begi hajalitua, Mama Eufrazia aliingia uani ameshika pasi ya umeme.

"Injinia! Hii haiwaki tangu Jumatatu. Niangalizie mara moja, nina sare za watoto."

Clara aliifungua kwa bisibisi ya mama yake. Aliangalia nyaya, akazifuata kwa kidole, akajaribu hiki na kile, na baada ya nusu saa pasi ilikuwa imefungwa tena na bado haiwaki. Yule mama aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama, akamtazama Clara.

"Haya. Ndege anaziweza, pasi imemshinda," alisema, si kwa ubaya, lakini kwa sauti ambayo nyumba tatu zilisikia. Benedicta, mama yake Clara, aliyekuwa akichagua mchele mlangoni, aliinamisha uso kwenye ungo. Iliwauma wote wawili, mama na mtoto.

Jioni, jua likiwa bado lipo, Clara alikwenda chekechea kuuona mnara. Ulikuwa umepakwa rangi ya buluu nzuri. Miguu minne ya bomba la chuma, urefu mita sita, mkanda mmoja wa vyuma vya kukingama ukiifunga miguu hiyo katikati, na juu kabisa tenki jeusi la lita elfu tano. Chini ya tenki kulikuwa na bomba nne fupi za kunawia mikono, na benchi refu la mbao. Alihesabu nafasi za kukaa kwenye lile benchi. Watoto arobaini hunywa uji hapo kila siku ya shule, saa nne.

Alipima kwa futi kamba, akaandika. Kisha akapita kila ungio na kuligonga kwa nyundo ndogo, sikio karibu. Machomeleo yalikuwa mazuri kweli, yamelala sawasawa bila mashimo. Fundi aliyefanya kazi ile alikuwa mtu anayejua anachokifanya.

Usiku haujaingia vizuri alikuwa ameshapiga hesabu mezani, baba yake amekaa mbele yake kama anayesubiri majibu ya hospitali.

"Bomba lina unene gani, Baba?"

"Inchi mbili."

"Hizo inchi mbili ni upana wake. Nauliza ukuta wa bomba, chuma chenyewe."

Leodegar alifungua daftari lake la kamati. Yeye ndiye aliyetumwa kununua vyuma. Kwenye orodha aliyoandika fundi kulikuwa na maneno "inchi mbili, milimita tatu." Alimsomea.

Clara akatumia tatu. Akapiga hesabu, akairudia, akashusha pumzi. "Kwa tatu inaonekana inatosha. Mguu mmoja unaweza kubeba mara mbili ya mzigo wake. Akiba yenyewe si kubwa, mimi ningeongeza vyuma, lakini inaonekana inatosha. Kesho nikapime unene wenyewe, ndipo niseme."

Leodegar hakusikia kesho wala hakusikia nikapime. Alisikia inatosha. Kabla wali haujapakuliwa alikuwa ameshampigia Mama Eufrazia kumwambia tenki liko salama.

"Baba!"

"Nini tena? Si umesema?"

"Nimesema inaonekana."

"Clara, mwanangu." Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na karatasi ndani ya bahasha ya plastiki. Siku alipompeleka chuo mara ya kwanza aliona ubaoni, kwenye korido ya idara, malengo ya masomo yale yameandikwa kwa Kiingereza, saba. Akayanakili yote kwa mwandiko wake wa ukarani, akarudi nyumbani akayatafsiri kwa kamusi. Jumuiya nzima ilishayasikia. "Nisikilize. 'Mhitimu ataweza kutumia hisabati na sayansi kutatua matatizo ya uhandisi.' Hapo je? 'Ataweza kubuni mtambo au sehemu ya mtambo.' Hapo? 'Ataweza kueleza kazi yake kwa watu wasio wa fani hiyo.' Sasa wewe kila kitu inaonekana, inaonekana. Miaka minne wamekufundisha kuogopa?"

"Soma namba sita."

"Nimeshasoma za kutosha."

"Naomba uisome, Baba."

Leodegar alivaa miwani vizuri. "'Atatanguliza usalama na uhai wa watu mbele ya matakwa ya mwajiri wake, ya...'" Akasafisha koo. "'...ya mwajiri wake, na mbele ya manufaa yake mwenyewe.'"

"Mbele ya matakwa ya baba yake pia," alisema Benedicta kutoka jikoni. "Njooni mle."

*

Karakana ya fundi Kondo ilikuwa Buguruni, nyuma ya safu ya wauza vitanda vya chuma, na kelele za grainda zilikupokea kabla hujamwona mtu. Kondo alikuwa Mzaramo wa mjini hapohapo, mtu wa miaka hamsini na kitu, kofia ya kushonwa kwa mkono kichwani na miwani ya giza imesukumwa juu ya kofia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. We ndo binti Leodegar? Wa ndege?"

Clara aliamua kutobishana. "Nimeona kazi yako. Machomeleo yako ni mazuri sana."

Kondo alitabasamu nusu. Watu hawakuwa wakimwambia hivyo mara kwa mara. Akavuta kigoda, akakifuta kwa kitambaa, akamkaribisha.

"Nina shida ya vipande vilivyobaki vya bomba za ule mnara. Nataka kupima unene."

Tabasamu likaondoka. Kondo alichukua muda kutafuta kiberiti ambacho hakukihitaji. "Vya nini? Mnara si umesimama?"

"Umesimama mtupu. Kesho unabebeshwa tani tano."

Fundi akageuka, akachakura kwenye rundo la vyuma pembeni, akarudi na kipande cha shibiri moja, bado kina rangi ya buluu upande mmoja. Clara alitoa mkobani kalipa yake ya kupimia unene, akabana ukuta wa bomba, akasoma. Akageuza, akabana upande wa pili. Akasoma tena.

Moja na nusu.

"Fundi, orodha yako ilisema tatu."

"Mie niliandika tatu. Nikachomelea nilicholetewa."

"Ukaona ni nyembamba?"

"Mwanangu, mie chuma nakijua kwa kukishika tu. Hii niliijua hata haijashuka kwenye guta la mizigo." Alikaa. "Nikamwambia mzee wako, mzee, hizi siyo. Akanambia bomba ni bomba, fundi, wewe choma. Watu wa kamati walikuwepo. Sasa nifanyeje? Nimbishie mwenye kazi mbele za watu? Kesho kazi anapewa mwingine, mie naambiwa najidai. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, ndo sie mafundi. Tunaosha, tunanyamaza."

Clara alipiga hesabu upya palepale, daftari juu ya goti, wakati cheche za jirani zikiruka. Kondo alimtazama kwa makini asivyomtazama mtu yeyote. Mwisho alishindwa kuvumilia.

"Imekataa?"

"Ukijaza, huenda ikasimama. Lakini haina akiba. Upepo ukipiga, au kutu ikila kidogo, au mguu mmoja ukititia, unapinda. Na ukianza kupinda hausubiri mtu atoke."

"Mie nilijua kwa mkono. Wewe umejua kwa kalamu." Kondo aliitazama ile kalipa. "Tofauti yake, mie mkono wangu hakuna anayeuamini."

"Tunaweza kuuokoa bila kuubomoa," alisema Clara. Alichora. Mikanda miwili zaidi, mmoja juu ya ule wa katikati na mmoja chini yake, na vyuma vya mshazari kila upande. "Mguu ukishikwa kila baada ya mita moja na nusu badala ya tatu, nguvu yake inakuwa mara nne."

"Mara nne? Siyo mara mbili?"

"Mara nne."

Kondo aliurudia mchoro kwa kidole. "Hii kazi ya siku mbili," alisema. "Vyuma vya mshazari hapo chini viinue kidogo, watoto wasigonge vichwa." Clara hakuwa amewaza vichwa. Akafuta, akachora upya.

"Njoo kesho jumuiya, fundi. Nitahitaji mtu wa kunisahihisha."

"Kule kwenu? Mie nifuate nini?"

"Njoo tu, baba."

*

Ijumaa jioni kipande cha bomba kilikaa mezani kati ya baba na mtoto. Leodegar alikuwa amekishika, akakiweka, akakishika tena. Alikumbuka vizuri sana. Muuzaji alimwekea bomba mbili kando kwa kando, upana uleule, rangi ileile, bei mbalimbali, akamwambia mzee mwenzangu, hizi zinafanana. Naye aliporudi akatangaza kwenye jumuiya kwamba ameokoa fedha ya kutosha kununua rangi na turubai la sherehe. Hakuweka hata senti mfukoni. Kama angekuwa ameiba pengine ingemuuma zaidi kidogo, pengine ingemuuma sawasawa.

"Nani anajua?" aliuliza.

"Mimi, wewe na fundi."

Benedicta alikuwa amekaa kwenye mkeka, akisahihisha madaftari ya darasa la tatu. Hakuinua kichwa.

"Basi sikiliza," alisema Leodegar, sauti chini. "Kesho sema liko salama. Lijazwe nusu tu. Padri abariki, watu waende zao. Jumatatu mimi mwenyewe namleta Kondo, anaongeza hivyo vyuma vyako, kimyakimya. Hakuna atakayeumia, hakuna atakayeaibika. Kuna ubaya gani?"

Ubaya wenyewe haukumjia Clara haraka. Kwa nusu tenki miguu ingebeba. Hesabu ilikubali. Na huyu alikuwa baba yake, aliyenakili malengo ya chuo kwa mkono na kuyatafsiri kwa kamusi. Alimpenda, na alitamani kumpa alichoomba.

"Nani atasimama pale kufunga maji yakifika nusu?" aliuliza mwishowe.

"Mimi."

"Na Jumatatu fundi akiwa na kazi nyingine? Wiki ijayo? Mama Eufrazia akiambiwa liko salama atalijaza, Baba. Atakuwa na haki. Nikishasema, neno si langu tena."

"Unataka nife kwa aibu."

"Sitakutaja. Nitasema bomba ni nyembamba, nitaishia hapo."

"Halafu watauliza nani alinunua!"

"Baba Clara," alisema Benedicta, kalamu nyekundu mkononi. "Watoto wangu darasani wakikosea nawaambia wafute waandike upya. Sijawahi kumwambia mtoto afunike kwa mkono."

Leodegar alikwenda kulala bila kula. Kipande cha bomba kilibaki mezani mpaka asubuhi.

*

Jumuiya ilikutana uani kwa chekechea, viti vya watoto vimebeba watu wazima, mnara umesimama nyuma yao na turubai limefungwa kwenye miguu yake. Kondo alikaa mwisho kabisa, kofia yake kichwani, akiangalia chini wakati wa sala. Leodegar alikaa mbele kama kawaida, amevaa shati lake la Jumapili siku moja kabla.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele amina!"

"Sasa injinia wetu," alisema Mama Eufrazia, "asimame. Neno moja tu, mwanangu, boza liko njiani."

Clara alisimama.

"Tenki lisijazwe."

Likatoka guno, kisha kila mtu akasema kwa pamoja. Wapo waliosema si alishasema ndiyo juzi. Wapo waliokumbuka pasi. Clara alichomoa njiti moja kwenye fagio la uani, akaisimamisha juu ya kiti, akaikandamiza kwa kidole. Ikapinda.

"Hii ndiyo miguu ya mnara." Akamwita Mama Eufrazia aishike njiti ile katikati kwa vidole viwili. Akakandamiza tena, kwa nguvu zaidi. Ikakataa kupinda. "Na hii ndiyo tunayotaka kufanya. Bomba zilizotumika ni nyembamba, nusu ya zinazotakiwa. Tukizishika sehemu nyingi zaidi zitabeba. Ni kazi ya siku mbili. Leo hazijashikwa, na benchi la uji liko chini yake."

Mama Eufrazia alibaki ameshika njiti, akiibonyeza na kuiachia. "Ala," alisema taratibu.

"Mie nilisema toka mwanzo!" Huyo alikuwa Stephano, muuza duka, amesimama na kidole kimenyooka hadi nyuma. "Tungechukua fundi wetu, wa hapahapa, anayesali na sisi. Ona sasa! Katuletea bomba za karatasi, chenji kaweka mfukoni!"

Vichwa vikageuka. Kondo alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena, kama mtu aliyezoea kungoja mvua ipite.

"Kazi ya fundi haina kosa," alisema Clara. "Nimegonga kila ungio. Na orodha yake iliandika bomba nene."

"Basi nani alinunua?"

Clara alikuwa ameahidi kuishia hapo, na sasa mtu mwingine alikuwa analipia ahadi ile. Alimtazama Kondo. Clara alikuwa anavuta pumzi amtaje baba yake, Mungu amsamehe, wakati kiti kidogo cha mtoto kilipoanguka mbele.

Leodegar alikuwa amesimama.

"Nilinunua mimi." Ulimi ule mwepesi leo ulikuwa mzito. "Fundi aliandika tatu. Nikaleta moja na nusu. Akanionya, nikamwambia anyamaze achome. Mlinipigia makofi kwamba nimeokoa hela. Makofi yale nayarudisha. Na wewe Kondo, ndugu yangu, nakuomba radhi mbele ya hawa, kwa sababu mbele ya hawa ndiko nilikokunyamazisha."

Stephano aliketi. Kondo alipandisha mkono kifuani, akauweka hapo, akatikisa kichwa kukubali.

"Leodegar," alisema Mama Eufrazia, "kaa chini, chai itapoa."

Lakini chai haikunywewa, maana honi ililia nje. Boza lilikuwa limefika, lita elfu tano zilizokwishalipiwa, na dereva hakutaka kusikia habari za kurudi nazo.

"Mie nimwage wapi sasa? Barabarani?"

"Ndoo!" alipiga kelele Benedicta. "Leteni ndoo!"

Habari ilipita uchochoroni kwa kasi kuliko upepo. Zikaja ndoo, madumu, masufuria ya shughuli, hata beseni la kuogeshea mtoto. Mapipa ya chekechea yalijazwa kwanza, ya uji na ya kunawia, kisha kila nyumba ikapanga foleni. Kondo na Clara hawakuwa kwenye foleni. Walikuwa chini ya mnara wamefungua turubai, fundi ameshika futi, Clara anatia alama kwa chaki pale mikanda mipya itakapokaa, wakibishana kuhusu vichwa vya watoto.

Mpira wa maji aliushika Leodegar mwenyewe. Shati la Jumapili lilikuwa limelowa mpaka tumboni na hakulijali. Mwanaume mmoja aliyekuwa akipita barabarani, mgeni wa mtaa ule, alisimama akashangaa.

"Mzee, mnahangaika na ndoo, na tenki lote lile liko juu mnaliangalia tu?"

Leodegar alijinyoosha. Akainua kidole kuelekea kwa binti mwenye chaki, na sauti yake, kwa mara ya kwanza siku hiyo, ikarudi kuwa ileile ambayo Kipawa nzima iliifahamu.

"Unamwona yule? Binti yangu. Mwaka wa nne." Akavuta pumzi ili asikike hadi mwisho wa foleni. "Amekataa!"